Marehemu Ndio Washtakiwa

Juni 1923, mlowezi mmoja kijana wa Molo alimwazima rafiki yake farasi wa kumfikisha stesheni ya reli. Baadaye akamtuma mfanyakazi wake, aliyeitwa Kitosh, akamrudishe mnyama huyo nyumbani, huku akimwonya asimpande bali amwongoze kwa miguu. Kitosh akampanda. Kuna aliyemwona, na siku chache baadaye habari zikamfikia bwana wake. Jumapili alasiri Kitosh akacharazwa viboko, kisha akafungwa kamba na kuachwa ndani ya ghala. Usiku uo huo akafa.

Kesi ilisikizwa hapa Nakuru mwezi Agosti, mbele ya baraza la wazungu watupu. Daktari aliyeukagua mwili alisema ni majeraha yaliyomuua. Utetezi ukaleta madaktari wawili kutoka Nairobi, nao wakatoa maelezo ambayo hata leo ukiyasoma unabaki kinywa wazi: kwamba viboko peke yake havikutosha kumuua mtu huyu, ila yeye mwenyewe alikata tamaa ya kuishi, akataka kufa, na kwa kuwa alitaka kufa, akafa. Palikuwa na shahidi aliyedai kumsikia akitamka hivyo. Baraza likaridhika. Mlowezi huyo, Jasper Abraham, hakupatikana na hatia ya mauaji, wala ya kuua bila kukusudia. Alihukumiwa kwa kumdhuru mtu vibaya, akafungwa miaka miwili.

Wiki chache tu kabla ya kesi hiyo, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza rasmi jijini London kwamba katika koloni la Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Nakuru haikuwa imepata habari, au ilikuwa imezipata ikazipuuza.

Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa chini ya milima ya Ngong, aliisimulia kesi hii katika kitabu chake cha mwaka 1937. Hukumu ile haikumpendeza, hilo liko wazi. Lakini hata yeye, akifika mwisho wa simulizi, anaanza kuuremba ule utashi wa kufa, anauona kama heshima ya aina yake, kana kwamba Kitosh aliwaponyoka mabwana zake kwa hiari. Mimi simfuati huko. Mtu aliyechapwa mpaka ngozi ikachanika, akafungwa kamba gizani bila msaada, hakuponyoka popote. Aliuawa, na kisha akashtakiwa kwa kifo chake mwenyewe.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu naona ndicho mama wa visa vingi vya Bonde la Ufa la kati, kuanzia Mai Mahiu na Naivasha, kupitia Gilgil na Nakuru, hadi Njoro, Molo na Mau Summit. Eneo hili lina historia ya mikasa isiyoisha, na watu wake ni hodari wa kuisimulia. Lakini tazama jinsi inavyosimuliwa. Watu wakifa, lawama huangukia sehemu mbili tu: mizimu au marehemu. Aliye hai na mwenye jina haonekani.

Tuanze na mizimu, maana ndiyo maarufu zaidi. Panda hadi ukingo wa Menengai, juu ya jiji la Nakuru, usimame pale kwenye kile kibao chenye mishale inayoelekeza miji ya dunia. Chini yako pana bonde la volkeno lenye upana wa kilomita 12 hivi na kina cha karibu mita 500, limejaa vichaka na mawe meusi ya lava, na huku na kule mvuke unafuka kutoka ardhini. Vijana wanaotembeza wageni watakueleza kwamba katika karne ya 19 Wamaasai walipigana wao kwa wao hapo, Wapurko dhidi ya Walaikipiak, na kwamba walioshindwa walisukumwa kutoka gengeni wakaporomoka mpaka chini. Mvuke ule, watasema, ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda mbinguni. Watakuongezea habari za watu waliopotea humo kwa siku nzima na kuonekana wakizunguka bila kujitambua, na shamba la maajabu linaloonekana na kutoweka.

Vita vile vilikuwa kweli. Makundi ya Wamaasai yalimalizana kwa miongo kadhaa, na Walaikipiak wakasambaratishwa wasiwe tena jamii yenye nguvu. Walipigania malisho na maji, na ng'ombe waliotegemea malisho hayo. Hilo la malisho na maji hutalisikia sana pale ukingoni. Mzimu unauzika vizuri zaidi kwa mgeni aliyelipa kiingilio. Sina ugomvi na vijana wale, wanatafuta riziki. Ila tukumbuke kwamba tangu mwaka 2011 kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, imekuwa ikichimba visima ndani ya bonde hilohilo, na mvuke ule unaoitwa wa roho sasa unazungusha mitambo ya umeme.

Mfano wa pili wa hadithi tamu inayofunika chungu ni lile kasri la Lord Egerton karibu na Njoro. Kila mtoto wa shule aliyepelekwa huko anajua kisa: Maurice Egerton, bwana wa Tatton, alipenda, akajenga nyumba, mwanamke akaidharau kwamba ni ndogo, naye akaanza mwaka 1938 kujenga jengo la mawe lenye vyumba zaidi ya hamsini. Vita vya Pili vya Dunia vikasimamisha kazi, likamalizika 1954, na bibi yule hakurudi. Akawachukia wanawake, akawapiga marufuku wasikanyage kwake. Akafa 1958 bila mke wala mtoto. Leo watu hufanyia harusi kwenye bustani ya kasri hilo, jambo ambalo nikilifikiria hunichekesha.

Ni kisa cha kusikitisha, sawa. Lakini nani anauliza yale maelfu ya ekari yalikuwa ya nani kabla mtoto wa bwana wa Kiingereza hajayapata? Mwaka 1904 Wamaasai walitia saini mkataba wa kuondoka kwenye Bonde la Ufa ili ardhi iliyo kando ya reli wapewe walowezi. Wakaambiwa makubaliano yatadumu maadamu wao wapo. Mwaka 1911 wakatia saini mwingine, wakahamishwa tena. Mlowezi Lord Delamere alikwisha kujikatia sehemu yake Njoro na baadaye Soysambu. Ndani ya ardhi hiyo ndimo ulimokuja kuvunjika moyo wa Egerton, na sisi miaka yote hii tumeulilia moyo huo. Ni haki kumtaja kwa mema pia: shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Ilianzishwa, hata hivyo, kwa ajili ya vijana wa kizungu.

Kuna kisa kimoja kinachoonekana kupinga hoja yangu, na ningekuwa mwoga nikikiruka. Novemba 1895, msafara mkubwa wa wapagazi Wakikuyu na Waswahili uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulipiga kambi katika bonde la Kedong, chini ya mteremko ule ambao leo matatu huushuka kuelekea Mai Mahiu. Watu wa msafara wakawaingilia Wamaasai: wakagusa wasichana wao na kutaka ng'ombe wao. Morani wakawavamia, wakaua mamia. Mfanyabiashara wa Kiskoti, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, akashika bunduki kulipiza kisasi, akawapiga risasi Wamaasai wengi kabla ya yeye mwenyewe kuuawa kwa mkuki. Serikali ya mkoloni ikafanya uchunguzi, na uamuzi wake ukawashangaza wengi: msafara ndio uliochokoza. Wamaasai hawakuadhibiwa zaidi ya ng'ombe waliokwisha kunyang'anywa.

Je, hapo marehemu walistahili lawama? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini angalia nani waliokufa. Wengi wao walikuwa wapagazi, watu wa kubeba mizigo kichwani, na wale waliogusa wasichana hawakuwa mamia. Na serikali haikuwa imegeuka mpenda haki ghafla. Wakati huo haikuwa na askari wa kutosha kupigana na Wamaasai, ilihitaji urafiki wao ili njia ya Uganda ibaki wazi. Miaka tisa baadaye, reli ikiwa imeshajengwa na urafiki hauhitajiki tena, Wamaasai walewale waliosamehewa ndio walioambiwa wahame. Hata pale hukumu ilipoonekana ya haki, iliandikwa kwa hesabu ya walio hai.

Turudi kwenye milima ya Mau. Kuanzia mwaka 1941, Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai na kwenye mashamba ya walowezi, wale tuliowaita maskwota, walipewa makazi Olenguruone. Walidhani wamepewa ardhi yao. Serikali ikawaletea masharti ya nini walime na vipi waishi, kana kwamba ni wapangaji. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, na jambo lililokuwa jipya ni kwamba wanawake na watoto pia walikula kiapo hicho, si wazee peke yao. Wanahistoria wengi wanaona hapo ndipo kiapo cha watu wote kilichokuja kuitikisa Kenya katika vita vya Mau Mau kilipotokea. Kufikia mwaka 1950 walikwisha kufukuzwa, mazao na mifugo yao ikiwa imetwaliwa, wakasombwa hadi Yatta, nchi kavu ambayo hawakuijua. Maelezo ya serikali yalikuwa mafupi: ni wakaidi, wamejitakia.

Miaka hiyohiyo, katika bonde hilihili, kulikuwa na kioja kingine ambacho vijana wa Gilgil wenyewe wengi hawakijui. Waingereza walikuwa wameleta Gilgil mamia ya wafungwa Wayahudi wa makundi ya chini kwa chini yaliyowapiga vita Palestina. Machi 1948, sita kati yao wakiongozwa na Yaakov Meridor walichimba handaki wakatoroka, wakavuka Uganda hadi Kongo ya Wabelgiji, wakafika Ulaya. Meridor aliishia kuwa waziri Israeli. Mwenzake wa kambini, Meir Shamgar, aliyesoma sheria kwa njia ya posta akiwa kifungoni, akawa rais wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Wafungwa wale wana vitabu, wana picha, wana majina kamili. Maelfu waliosombwa kutoka Olenguruone kwa malori miaka hiyohiyo hawana hata bamba la shaba kando ya barabara. Kitosh ana jina moja tu.

Tulipopata uhuru, desturi hii ilistahili kwenda na bendera ya Mwingereza. Haikwenda. Vita vya kikabila vya mwaka 1992 vilipowaka Molo na Olenguruone, wakati wanasiasa wakipita kwenye mikutano wakihimiza "madoadoa" yaondolewe, waliochomewa nyumba waliambiwa ni wageni waliosahau wanakaa kwa nani. Oktoba 1993 waliofurushwa Enoosupukia walikimbilia kambi ya Maela, karibu na Naivasha. Desemba 1994 serikali ikaivunja kambi hiyo, watu wakapakiwa malori usiku na kumwagwa mahali pengine. Padri mmoja Mmarekani, John Kaiser, alikuwa pamoja nao pale Maela na alikataa kuondoka mpaka alipoondolewa kwa nguvu. Baadaye alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza vita hivyo vya kikabila, akataja majina ya wakubwa.

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000, Padri Kaiser alikutwa amekufa kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Naivasha, penye njia panda ya Morendat, amepigwa risasi kichwani. Wapelelezi wa FBI kutoka kwao Marekani walishirikiana na wetu, na mwaka 2001 wakatoa jibu: huenda alijiua. Msomaji, kumbuka wale madaktari wawili wa Kitosh. Miaka 78 imepita, dawa imeendelea, maabara zimejengwa, na bado mtu aliyekufa katika bonde hili anaelezwa kuwa alitaka mwenyewe kufa. Ilichukua uchunguzi wa mahakama na subira ya maaskofu hadi Agosti 2007 ndipo hakimu akatamka kwamba padri aliuawa. Aliyemuua hajapatikana.

Miezi michache baada ya uamuzi huo, Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikaingia Nakuru na Naivasha. Mtaani Kabati, Naivasha, watu 19 waliokimbilia ndani ya nyumba moja waliteketezwa humo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika. Kesi iliyofika The Hague kuhusu mashambulizi ya miji hii miwili iliondolewa na mwendesha mashtaka Desemba 2014. Sitakaa hapo zaidi. Yanajulikana, na wengi wetu tunaishi na majirani tuliowaona siku zile.

Nitakaa Sachangwan, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe, siyo mkoloni wala mwanasiasa, tulipotoa hukumu.

Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, petroli ikamwagika mtaroni. Watu wa vijiji vya karibu wakaja na mitungi, ndoo, sufuria, hata chupa. Abiria waliokuwa wakipita wakashuka. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa, na wasiotambulika wakazikwa katika kaburi la pamoja karibu na hapo, kwenye ukingo wa msitu. Siku tatu tu kabla, duka kubwa la Nakumatt lilikuwa limeungua katikati ya Nairobi. Nchi ilikuwa na misiba miwili mikononi.

Neno lililotawala kila redio na kila matatu baada ya hapo lilikuwa moja: tamaa. Walikufa kwa tamaa. Na neno hilo limesafiri. Watu zaidi ya 200 walipoungua Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, likasemwa. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, likasemwa. Morogoro, Agosti 2019, likasemwa tena, kwa Kiswahili kilekile.

Sikatai kwamba kuchota petroli iliyomwagika ni kucheza na mauti. Lakini Molo ya Januari 2009 ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu mashamba kuchomwa na watu kulala mahemani. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa karo, ulikuwa unga. Na maswali mengine hayakuhitaji hekima kubwa kuyauliza. Mbona lori lilipinduka? Polisi waliokuja walikuwa na vifaa gani vya kufunga eneo? Gari la zimamoto la karibu zaidi lilikuwa wapi, na lilikuwa na maji? Maswali hayo yana wahusika walio hai, wenye ofisi na mishahara. Tukachagua neno ambalo mhusika wake amekwisha zikwa.

Kipande hichohicho cha barabara, kutoka Mau Summit kushuka hadi Salgaa, kiliendelea kuua kwa miaka mingine tisa. Hapo mshtakiwa alikuwa shetani. Wachungaji walikwenda kuomba kando ya lami, wakakemea pepo wa damu. Madereva wa malori kwa upande wao walijua pepo huyo anaitwa nani: wengi wao, wakishuka mteremko ule mrefu, waliweka gia huru ili wasichome mafuta, na mafuta waliyookoa wakayauza kwa madebe kando ya njia. Breki zikapata moto, zikashindwa, na lori la tani thelathini likahamia upande wa pili. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori vilipogongana Migaa, watu 36 walikufa. Hatimaye barabara ikapanuliwa na ukuta wa zege ukajengwa kati ya wanaopanda na wanaoshuka. Ajali za uso kwa uso zikapungua sana. Nasema hivi kwa heshima zote kwa waliofunga na kuomba: shetani yule alishindwa na ukuta wa zege uliofika kiunoni.

Kisha Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua za masika, ukingo wa Bwawa la Patel ulipasuka, na maji yaliyokuwa yamekaa juu ya kilima ndani ya shamba kubwa la watu binafsi yakashuka juu ya nyumba za watu wa chini, vijiji vya Nyakinyua na Energy. Wengi walikuwa wakila au wamekwisha lala. Watu karibu 50 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Mashine za kufukua matope zilikesha zikitafuta miili.

Kabla matope hayajakauka ikasikika kwamba ni kazi ya Mungu, mvua imezidi. Mamlaka ya rasilimali za maji nayo ikasema bwawa halikuwa na kibali. Bwawa si sindano. Lilionekana kwa macho, lilikuwa na jina, liliujaza mlima kwa miaka. Mshangao wa afisa aliyegundua kibali hakipo baada ya watu kufa ni mshangao ambao mimi siupokei. Watu tisa walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakiwemo maafisa wa umma. Februari 2020 mahakama ya Naivasha ikawaachilia kwa sababu upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea na kesi. Baadaye Mahakama Kuu ikaamuru kesi ianze upya. Wakati huo wote waliobaki Solai walikuwa wakiuliza fidia, na majani yakaota juu ya njia ya maji.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 ikawa zamu ya Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, katika bonde lilelile la Kedong ambako msafara ulichinjwa 1895. Kwanza tuliambiwa bwawa la Old Kijabe limevunjika. Baadaye maafisa wakafafanua kwamba kalvati chini ya tuta la reli liliziba kwa magogo, mawe na takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakapata njia kwa nguvu. Zaidi ya watu 50 wakafa, wengine hawakuonekana tena. Na wimbo ukaanza, ule ule: kwa nini walijenga kwenye njia ya maji?

Walijenga hapo kwa sababu ploti iliuzwa, na aliyeuza alipewa cheti, na chifu aliwaona wakichimba msingi, na shule ikajengwa, na wanasiasa wakaja kuomba kura mlango kwa mlango wakazijua nyumba zote. Kalvati, kwa upande wake, lina mwenyewe. Kuna ofisi ambayo kazi yake ni kulizibua kabla ya mvua. Ningependa kujua ni lini mara ya mwisho mtu alitumwa huko na koleo, na nani alitia saini.

Wapo watakaoniambia kwamba nawaondolea wananchi wajibu wao. Mzee mmoja tuliyekuwa tukibishana naye juu ya Sachangwan alinijibu, "Kijana, hakuna aliyewashika mkono wakachote." Ni kweli, mzee wangu, hakuna. Na Kitosh hakuna aliyempandisha farasi. Lakini kupanda farasi ni kosa la kukaripiwa, na kuchota mafuta ni kosa la kufukuzwa na polisi. Ukiona kosa dogo la maskini limekuwa maelezo yote ya kifo chake, ujue kuna kosa kubwa la mtu mwingine lililokaa nyuma yake kimya.

Kinachohitajika hakina fumbo. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuanzisha huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo, yenye wataalamu wake nje ya polisi, ambao kazi yao ingekuwa kusema mtu amekufaje na kwa uzembe wa nani, bila kusubiri serikali ijichunguze yenyewe. Kwa miaka mingi sheria hiyo imekaa kabatini bila huduma yenyewe kusimama. Wabunge wa kaunti hii, na mpo kumi na mmoja, pamoja na seneta na mwakilishi wa wanawake, mnajua Solai iko wapi na mmehudhuria mazishi ya Kamuchiri. Daini bajeti yake. Daini ofisi ya kwanza nje ya Nairobi ifunguliwe Nakuru, na faili yake ya kwanza iwe Solai. Na serikali ya kaunti ichapishe kabla ya masika yajayo orodha ya kila bwawa na kila kalvati katika wadi zote, jina la mwenye bwawa, tarehe ya kibali, na jina la afisa aliyelikagua mara ya mwisho, ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kila chifu ili wanaoishi chini ya bwawa waisome wakiwa hai.